Mistari Miwili ya Mama Kaburi

Jina la Mama Kaburi alipewa na mwalimu wa hesabu, mtu mwenye utani mwingi na madaftari mengi yasiyosahihishwa. Siku moja alimbana nusu saa nzima amwambie kwa nini mtoto fulani wa kidato cha kwanza alikuwa analialia darasani. Mama akamenya chungwa lake, akalila lote, akafuta mikono, akasema, "Mwalimu, kengele imelia." Yule bwana akapiga makofi. "Jamani, huyu si mtu, huyu ni kaburi! Kikiingia humo hakitoki!" Basi jina likashika. Mwanzoni lilimuudhi, maana nani anapenda kuitwa kaburi akiwa mzima na miguu inamuuma? Baadaye akalizoea, kama alivyozoea mengine yote ya shule ile.

Mimi nilikuwa karani. Meza yangu ilikaa kati ya mlango wa mwalimu mkuu na mlango wa chumba cha ushauri, kwa hiyo aliyekwenda kwa yeyote kati yao alipita mbele ya macho yangu. Nijiseme mapema kabisa: nina mdomo mwepesi. Siku hizi nimeupunguza, lakini enzi zile habari iliyoingia masikioni mwangu asubuhi, hadi saa ya chai ilikuwa imeshafika jikoni na kurudi ikiwa imetiwa chumvi. Mama Kaburi alilijua hilo vizuri sana, na bado aliniita mdogo wangu.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kufundisha jiografia, vipindi ishirini na sita kwa wiki. Ushauri nasaha aliongezewa juu yake, kama mwanamke anavyobebeshwa mtoto wa jirani kwa kuwa mgongo anao. Walimchagua kwenye kikao ambacho yeye hakuhudhuria, alikuwa hospitalini anamuuguza mumewe. Aliporudi akakuta jina lake limeshaandikwa na funguo zimeshawekwa mezani kwake. Hakugomba. Aliuliza tu kama kile chumba kina mlango unaofungika.

Kilikuwa stoo ya mipira. Hata baada ya miaka kilinuka mpira na vumbi la chaki. Kioo cha dirisha alikipaka rangi nyeupe kwa mkono wake mwenyewe, ili anayepita uani asione aliyekaa ndani. Alipewa kabati la chuma, lakini tuligundua kwamba ufunguo wake ulifungua makabati yote manne ya shule, na funguo za yale mengine zililifungua lake pia. Tangu siku hiyo daftari lake la ushauri hakuliacha humo. Alilifunga ndani ya mtandio, akalitia kwenye mkoba, akaenda nalo nyumbani na kurudi nalo asubuhi. Mumewe, dereva mstaafu niliyemwita shemeji kwa utani, aliwahi kunilalamikia: "Shemeji, mke wangu ana daftari. Mimi nikitaka kukaa karibu naye lazima kwanza niombe ruhusa kwa daftari."

Na hata ndani ya daftari hilo majina hayakuwemo. Kila mtoto alimpa jina la mto au mlima wa mabara ya mbali. Angeokota mtu daftari lile angedhani ni maandalizi ya somo, ingawa angeshangaa kwa nini mto haujala siku ya tatu sasa.

Kwa walimu alikuwa na njia yake. Mtoto mwenye mzigo moyoni huchelewa, husahau kazi, husinzia. Mama Kaburi hakuwaeleza walimu mzigo ni upi. Alimfuata kila mmoja peke yake, kwenye veranda au kwenye foleni ya chai, akasema, "Yule kijana usimwadhibu leo, nilimpa kazi ya ramani ikamchelewesha. Kosa langu." Akabeba lawama, mtoto akapita. Kazi za ramani zikawa nyingi hadi mwalimu wa zamu akauliza kama shule ina mpango wa kuchora dunia upya.

Njia hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilitaka miguu. Walimu saba kwa mtoto mmoja, na watoto wenyewe walikuwa wengi, na yeye alikuwa na miaka hamsini na nne na soksi za kubana mishipa.

Sasa nimfikie binti.

Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mwenye sauti ndogo. Alianza kuja Jumanne na Alhamisi, saa za mapumziko, anapita mezani kwangu akiangalia sakafu. "Shikamoo," anasema, na mimi nikimwitikia tayari ameshaingia. Ukisubiri nikwambie kilichokuwa kinamsumbua, utasubiri sana, maana sikijui. Sikukijua wakati ule na sikijui leo. Ninachojua ni kwamba kilikuwa kizito, kwa sababu siku alizoondoka Mama Kaburi alibaki amekaa, miwani mkononi, hata kengele ikilia.

Alama za binti zikaporomoka. Walimu wakaanza kumsimamisha mbele ya darasa. Kitu kimoja tu alimwomba mshauri wake, na hili Mama Kaburi aliniambia kwa kuwa lilihitaji kazi yangu: asisimamishwe mbele ya wenzake. Hakuomba zaidi ya hapo.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya mitihani. Mama Kaburi alikuwa ameona watoto kumi na mmoja tangu asubuhi na kufundisha vipindi vitano. Alikuja mezani kwangu, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, miguu imegoma. Nichapie mistari miwili."

"Sema, dada."

"Andika: Walimu wanaofundisha kidato cha pili mnaombwa mumvumilie mwanafunzi huyu katika kipindi hiki, na msimsimamishe mbele ya darasa. Basi."

"Niweke jina?"

"Jina hapana. Weka namba yake ya uandikishaji. Toa nakala saba, kila moja kwenye bahasha yake, uwape mkononi."

Hapo ndipo tulipokosea, yeye na mimi, kila mtu na kosa lake. La kwake ni hilo la namba. Nchi nyingine huenda namba inaficha mtu. Shuleni kwetu namba ilipakwa rangi mgongoni mwa kiti cha kila mwanafunzi, ilidariziwa kwenye sweta, iliandikwa kwenye kila daftari, na asubuhi watoto waliitwa kwa namba kabla ya majina. Sisi watu wazima tulizitumia kwenye karatasi zetu, tukasahau kwamba watoto wanaishi nazo. Angekuwa hajachoka, angelikumbuka hilo kabla sijagusa kibodi.

La kwangu ni baya zaidi. Wino wa mashine ulikuwa unaishia. Bahasha zilikuwa stoo, na mtunza stoo alikuwa amekwenda kula. Nikatoa nakala moja, nikaenda chumba cha walimu, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo kwa pini nne. Nilijiambia, si chumba cha walimu hiki? Nani mwingine ataisoma? Nikarudi kwenye kiti changu, nikanywa chai.

Kumbe chumba cha walimu wanafunzi wanaingia kutwa nzima, wamebeba madaftari ya kusahihishwa. Wanaweka madaftari, wanangoja mwalimu amalize kuongea, na mtoto anayengoja macho yake husoma kila kilichobandikwa. Karatasi ile ilikaa ubaoni kuanzia saa saba hadi saa tisa. Saa tisa Mama Kaburi aliingia kuchukua mkoba, akaiona. Aliing'oa kwa nguvu hadi pini moja ikaruka chini ya kabati. Alikuja mezani kwangu nayo, akanitazama. Nilingoja anitukane. Aliikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Saa mbili nzima, mdogo wangu." Akaenda zake.

Kesho yake walimu walikuwa wema, na wema wao ndio uliomaliza kila kitu. Mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwahi kumsamehe mtu hata sehemu, alimwambia binti, "Wewe kaa tu, pumzika." Mwalimu wa lugha alimpigapiga begani. Mpishi, ambaye sijui nani alimwambia, ingawa najua, alimwongezea chakula. Darasa zima liliona. Mtoto aliyekuwa anasimamishwa kila siku, ghafla anabembelezwa kama mgonjwa. Wakaitafuta namba waliyoisikia kwa walioisoma ubaoni, wakaikuta mgongoni mwa kiti chake.

Kila mtu akaja na dhana yake. Mmoja alisema ana maradhi, mwingine akasema kwao kumetokea msiba wa aibu. Hadi Ijumaa dhana zote zilikuwa zimeshindwa na moja: ana mimba. Ikaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa choo, namba na neno hilo.

Jumatatu mwalimu mkuu akaitisha kikao. Nilikuwemo kuandika mihtasari. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, nalisema hili kwa haki. Alikuwa mtu anayeogopa ofisi za juu, na shule ambayo inasemwa ina mwanafunzi mjamzito ilimtoa jasho.

"Mwalimu," alimwambia Mama Kaburi, "wewe unajua ukweli. Tuambie, tumsafishe mtoto."

"Siwezi."

"Sihitaji yote. Niambie tu kwamba si mimba. Neno moja."

Mama Kaburi alivua miwani. "Mkuu, nikikuambia si mimba, mwalimu wa hesabu hapa ataniuliza, ni ugonjwa? Nikikataa, mwingine ataniuliza kuhusu baba yake. Nikikataa, mwingine kuhusu mama yake. Mtaendelea hivyo mpaka mfike mahali ambapo nitanyamaza, na nikinyamaza mtakuwa mmejua. Ndiyo maana nanyamaza kuanzia la kwanza."

"Kwa hiyo unaacha mtoto aumie?"

"Ameshaumia. Nilimuumiza mimi. Siri si yangu kuitoa ili nijisafishe."

"Muulize yeye basi kama anaruhusu."

"Nimemuuliza. Amekataa."

Kisha mwalimu wa nidhamu akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu wiki iliyopita. "Na ile karatasi ubaoni, aliibandika nani?"

Kalamu ilinitoka mkononi. Niliinama kuiokota. Mama Kaburi hakunitupia hata jicho. "Karatasi ni yangu," alisema. "Maneno yangu, kosa langu. Andika hivyo, karani."

Nikaandika. Mungu anisamehe, niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapigia mstari. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani na niliogopa kufukuzwa, na nilinyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa ajili ya mtoto. Kwangu kulikuwa kwa ajili ya ngozi yangu.

Kikao kiliamua binti aende nyumbani, arudi na cheti cha hospitali. Nilichapa barua hiyo pia. Alikuja ofisini kutia saini kitabu cha kutokea, sanduku lake liko chini, sweta amelivaa nje ndani ili namba isionekane. Mama Kaburi alitoka chumbani kwake, akasimama mlangoni.

"Nisamehe, mwanangu."

Binti aliendelea kuandika jina lake. Alipomaliza akauliza, bila kugeuka, "Umewaambia?"

"Sijawaambia."

"Hata mwalimu mkuu?"

"Hata yeye. Hata nyumbani kwangu hawajui."

Binti alibeba sanduku akatoka. Hakusema amesamehe wala hajasamehe.

Alirudi baada ya wiki mbili na shangazi yake, mama wa makamo aliyevaa viatu vya kazini, mwenye uchovu ambao nilikuwa ninauona kila siku kwenye uso mwingine. Alisimama mbele yangu, akatoa cheti cha hospitali, akakitupa mezani.

"Haya," alisema. "Bandikeni na hiki."

Nilichukua bahasha, siku hiyo nilikwenda mwenyewe stoo kuitafuta, nikakitia cheti bila kukikunjua, nikaigundisha, nikaipeleka kwa mwalimu mkuu. Alisoma, akakohoa, akamrudishia shangazi cheti chake. Akasema mtoto aingie darasani. Hakuna aliyesimama mbele ya shule kusema tulimkosea. Uvumi wa mimba ulikufa wenyewe kwa kukosa tumbo, lakini jina la binti halikurudi kama lilivyokuwa. Alikula peke yake.

Na chumba cha ushauri kikawa kitupu.

Sitasahau muhula uliofuata. Kila Jumanne na Alhamisi Mama Kaburi alifungua mlango, akakaa, akasahihisha ramani. Hakuja mtu. Watoto walipokaribia mlango ule walihama upande mwingine wa veranda. Nani angekuja? Walichokuwa wanajua ni kwamba mwenzao aliingia mle, na baada ya hapo namba yake ikabandikwa. Kwamba mama yule alikaa mbele ya wakubwa wake wote na hakufungua mdomo, hilo hawakulijua, na yeye hakuwa mtu wa kujitangaza. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu alitaka takwimu za ripoti. Nilimuuliza niandike wanafunzi wangapi.

"Sifuri," alisema.

"Dada, niweke hata watatu, nani atahesabu?"

"Weka sifuri."

Siku hiyo nilishindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba nitakwenda kwa mwalimu mkuu kusema nani aliibandika ile karatasi. "Itamsaidia nani?" aliuliza. "Watoto wako watatu? Kaa kitako. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Muhula ujao nitaomba wampe mtu mwingine hiki chumba, mtu mwenye miguu." Nilikaa kitako. Hata mara hiyo nilikaa.

Muhula mpya ulipoanza barua yake ya kuachia chumba ilikuwa imeshachapwa, iko mezani kwangu ikisubiri saini ya mwalimu mkuu, ambaye alikuwa safarini. Alhamisi ya kwanza, saa ya mapumziko, uani kumejaa watoto, niliona watu wawili wanakuja kwenye veranda. Mmoja alikuwa yule binti, sasa kidato cha tatu, mrefu zaidi. Alikuwa anamshika mkono wa sweta mtoto mdogo wa kidato cha kwanza, kabinti kadogo ambako kofia ya shule ilikuwa inakafunika nyusi. Kadogo kalikuwa kanavuta nyuma.

Walisimama mbele ya mlango. Mama Kaburi aliinua kichwa kutoka kwenye ramani zake, na kalamu ikabaki hewani.

"Siingii," kadogo kalisema. "Watajua."

"Ingia," binti alisema. "Mama huyu alinikosea mara moja. Kosa lake nalijua mimi kuliko wote. Lakini walipombana hakunisema. Mpaka leo hakuna anayejua langu. Wewe umeshawahi kulisikia?"

Kadogo kalitikisa kichwa.

"Basi."

"Lakini watu wanatuona hapa."

Ilikuwa kweli. Nusu ya shule ilikuwa uani, na wavulana wa kidato cha nne walikuwa wameshaanza kugeuza shingo. Binti aliwatazama, akamtazama mdogo wake wa kuokota. Kisha akakasukuma ndani taratibu, akauvuta mlango ukafungika. Yeye akabaki nje. Nilidhani ataondoka. Badala yake alikaa kwenye benchi la kungojea, kwenye jua, akakaa wima, uso ameuelekeza uani ili kila mtu amwone.

"Oyaa!" mvulana mmoja alipiga kelele. "Huyo karudi tena kwa Mama Kaburi!"

Wenzake wakacheka. Waligeuka wote kumtazama yeye, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu ile kofia iliyoingia ndani.

"Ndiyo, ni mimi," binti alisema, kwa ile sauti yake ndogo. "Nimekuja mimi."

Alikaa pale hadi kengele ilipolia.